"Nilijua!": Kauli Tunayoitoa Baada ya Jibu

 

Ndugu msomaji, baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ningependa tulizungumzie neno moja ambalo kila mmoja wetu amelisema au amelisikia nyumbani kwao. Neno lenyewe ni "nilijua". Husemwa jioni mbele ya televisheni, wakati kipindi cha maswali na majibu kiko hewani. Mwendesha kipindi anauliza, sebule nzima inanyamaza, mshiriki anajibu au anashindwa, jibu sahihi linatajwa, na hapo hapo sauti tatu nne zinapanda kwa pamoja: "Nilijua! Si nilijua mimi?"

Hakuna anayepinga, na hakuna wa kupinga, kwa sababu hakuna aliyeona kilichokuwa kichwani mwa mwenzake sekunde tano zilizopita. Wala hakuna hasara inayoonekana. Zawadi haipo, alama hazipo, na baada ya dakika moja swali jingine limekuja. Kwa hiyo wengine wataona ajabu kulifanya neno hilo kuwa mada ya maadili katika jarida letu. Mimi naona ndani yake mna swali la kweli: mtu anaposema "nilijua" baada ya jibu kutajwa, anashuhudia nini, na ana haki gani ya kushuhudia?

KIPINDI KINAVYOPIMA UJUZI

Hapa Bujumbura, katika nyumba nyingi zenye dishi, kipindi kilichowazoesha watu mchezo huu ni Questions pour un champion, kinachotufikia kupitia TV5 Monde. Kilianza Ufaransa mwaka 1988. Kwa zaidi ya miaka 25 kiliendeshwa na Julien Lepers, hadi mwaka 2016 Samuel Étienne aliposhika nafasi yake. Watu waliosoma na wasiosoma sana wamekikalia pamoja, mmoja akifuata maswali na mwingine akimwangalia anayefuata maswali.

Wanaoanza ni washiriki wanne. Katika hatua ya kwanza wanagombania kubonyeza kitufe, na swali moja lina thamani ya alama moja, mbili au tatu. Watatu wanaotangulia kufikisha alama tisa wanasonga mbele, wa nne anaondoka. Hatua ya pili kila mmoja anachagua mada na kupewa sekunde 40, akitakiwa kujibu sawasawa maswali manne mfululizo. Akikosa moja, hesabu ya mfululizo inarudi sifuri. Hatua ya mwisho ni ya wawili, uso kwa uso, na mshindi ni anayefikisha alama 12.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayonihusu zaidi. Swali linaanza gumu, kwa dalili ambayo wachache sana wanaweza kuitambua, na hapo lina thamani ya alama nne. Kadiri linavyosomwa, dalili zinakuwa rahisi na thamani inashuka: tatu, mbili, moja. Dalili ya mwisho huwa nyepesi kiasi kwamba hata mtoto wa darasa la sita anaweza kujibu. Waliokitunga kipindi walielewa jambo ambalo sebuleni tunalisahau, kwamba jibu lile lile, neno lile lile, halina uzito mmoja kila wakati. Aliyelitaja mwanzoni alilijua. Aliyelitaja mwishoni alisaidiwa kulikumbuka. Na anayelitaja baada ya kutangazwa anarudia tu alichosikia.

Nyumbani ngazi hizo zinabomoka. Aliyejua kwenye alama nne, aliyejua kwenye alama moja na ambaye hakujua kabisa wote wanasema neno moja, "nilijua", na wote wanapata heshima ile ile.

Ni heshima, tusijidanganye. Kwetu kujibu maswali yale kwa Kifaransa ni alama ya kuwa mtu wa shule. Kijana anayemjua Louis XIV anaonekana ana kichwa, hata kama hawezi kusema lolote kuhusu Mwezi Gisabo aliyetawala nchi hii hadi 1908. Bibi aliyekaa pembeni, ambaye ana nasaba za ukoo mzima kichwani na dua za kila hali, haulizwi kitu jioni ile. Sebule inapogawa heshima kwa namna hiyo, kila mtu anatamani fungu lake, na "nilijua" ndiyo njia nyepesi ya kulipata.

SWALI LA MTUME (S.A.W.) NA KIJANA ALIYENYAMAZA

Kuulizana maswali ili kupima akili si jambo geni katika dini yetu. Bukhari amepokea katika Kitabu cha Elimu, kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza maswahaba wake juu ya mti mmoja ambao majani yake hayapukutiki na ambao mfano wake ni kama Muislamu, akawataka wautaje. Watu mawazo yao yakaenda kwenye miti ya jangwani. Ibn Umar, aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, alihisi moyoni kwamba ni mtende. Akaona haya kusema, hasa alipowaona Abu Bakr na Umar (r.a.) wamenyamaza. Walipomwomba Mtume (s.a.w.) awaambie, akasema kuwa ni mtende.

Walipoondoka, Ibn Umar alimweleza baba yake kwamba jibu lile lilikuwa limemjia moyoni. Umar hakumwambia kuwa anadanganya, wala hakumsifu kwa unyenyekevu wake. Alimwambia kuwa lau angelisema pale pale, lingempendeza zaidi kuliko kupata kadha wa kadha katika mali.

Hadithi hii imenifundisha mambo matatu kuhusu mada yetu. Kwanza, "nilijua" ya baada ya jibu inaweza kuwa kweli tupu. Ibn Umar alijua. Kwa hiyo tusikimbilie kumwita mwongo kila anayesema hivyo. Pili, tazama aliisema wapi na kwa nani. Hakuipaza barazani mbele ya wakubwa baada ya jibu kutajwa ili apewe sehemu ya sifa. Alimwambia baba yake, faragha, kama mtoto anayefungua moyo. Tatu, hata ilipokuwa kweli, Umar aliona kuna kitu kilichopotea. Elimu iliyobaki moyoni wakati wa kuulizwa haikumfaa aliyeuliza wala waliokuwa wakisikiliza, na jibu lilipokwisha tajwa haikuwezekana tena kuirudisha saa ile.

"NILIJUA" ZA AINA NNE

Kutokana na hayo naona tutenganishe mambo ambayo neno hili linayachanganya.

Aina ya kwanza ni ya Ibn Umar: mtu alikuwa nalo jibu, akanyamaza kwa haya au kwa adabu. Huyu anasema kweli.

Aina ya pili ni ya mtu ambaye jibu lilikuwa ulimini lakini halikutoka. Anakumbuka herufi ya kwanza, anaikumbuka picha iliyokuwa kwenye kitabu cha shule, jina lenyewe haliji. Huyu ana sehemu ya ujuzi. Kauli yake ya haki ingekuwa: nilikuwa karibu.

Aina ya tatu ndiyo inayotupata wengi, na ni ya hatari kwa sababu mwenyewe hajui kuwa yumo. Huyu hakuwa na kitu kabla ya jibu. Jibu lilipotajwa likaonekana wazi na la kawaida kiasi kwamba akili yake ikamwambia lilikuwemo tangu mwanzo. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff aliliandikia jambo hili mwaka 1975. Katika utafiti alioufanya na mwenzake Ruth Beyth, wanafunzi wa chuo kikuu waliombwa kukadiria uwezekano wa matukio mbalimbali kabla ya Rais Nixon wa Marekani kuzitembelea China na Urusi mwaka 1972. Baada ya safari wakaulizwa wakumbuke walikadiria nini. Mambo yaliyotokea kweli, wengi walikumbuka kuwa waliyapa uwezekano mkubwa kuliko walioyapa kwa hakika. Hawakuwa wanadanganya. Matokeo yalikuwa yameingia kwenye kumbukumbu na kuipanga upya.

Aina ya nne ni ya anayejua kabisa kwamba hakujua, na bado anasema. Huyo hatuhitaji kumjadili sana. Ni uongo, hata kama ni mdogo.

Ugumu uko kwenye aina ya tatu. Je, mtu ana lawama kwa kusema asichojua kuwa si kweli? Wapo watakaosema hana, kwa kuwa uongo unahitaji nia. Nakubali kwamba si mwongo. Lakini sikubali kwamba hana la kuangalia. Katika Surat Al-Israa, aya ya 36, Allah ametukataza kuyafuata tusiyokuwa na elimu nayo, akatueleza kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Tumezoea kuielewa aya hii kuhusu habari za watu wengine: usimsingizie fulani, usisambaze uvumi. Lakini habari za nafsi yangu pia ni habari. Ninaposema "nilijua", natoa taarifa juu ya moyo wangu wa dakika iliyopita, na ushahidi nilionao ni kumbukumbu ambayo nimekwisha ambiwa kuwa haiaminiki katika jambo hilo hilo. Aliyekwisha kujua kwamba mizani yake ina kasoro hawezi kuendelea kuuzia watu kwa mizani hiyo kisha akajitetea kuwa nia yake ni safi.

"LAKINI NI MCHEZO TU"

Najua pingamizi litakalokuja: huu ni mchezo wa nyumbani, watu wanafurahi, kwa nini kuutia uzito? Pingamizi hili lina haki yake. Dini yetu haikukataza kufurahi na familia. Tena familia inayokaa pamoja, mdogo na mkubwa, ikiulizana miji mikuu na mito, ni bora kuliko familia ambayo kila mmoja amejifungia na simu yake.

Kwanza niliweke kando suala ambalo najua baadhi ya ndugu watauliza, la kamari. Kama nyumbani kila mmoja anatoa faranga 500 na aliyejibu mengi anazoa zote, hapo tumeingia kwenye maysir iliyoharamishwa katika Surat Al-Maida, aya ya 90. Na yale mashindano ya redio na televisheni ambayo mtu hutozwa pesa kwa ujumbe wa simu ili apate nafasi ya kushinda, mtu amuulize sheikh wake kabla ya kutuma. Mimi nazungumzia mchezo ambao hauna hata senti moja ndani yake.

Sasa kuhusu mchezo. Imepokewa na Tirmidhi kwamba maswahaba walimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa anafanya nao utani, naye akawajibu kuwa katika utani wake hasemi ila kweli. Na Abu Daud amepokea kisa cha mama aliyemwita mtoto wake kwa kumwahidi kwamba atampa kitu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Akamwambia kuwa lau asingempa kitu, ingeandikwa kwake kuwa uongo. Jambo lenyewe lilikuwa tende moja, nyumbani, na aliyeahidiwa alikuwa mtoto mdogo. Udogo wake haukulitoa katika hesabu.

Nadhani hekima yake ni hii. Mahali ambapo hakuna cha kupoteza ndipo tabia inapojengwa. Mbele ya hakimu kila mtu anajichunga. Kwenye kochi hakuna anayejichunga, na kile ulimi ulichokizoea pale ndicho utakachokileta siku ambayo kuna cha kupoteza.

JIBU LILILOTANGULIA NA JIBU LILILOFUATA

Kuna kisa mashuhuri katika historia ya vipindi hivi. Mwaka 1956 na 1957 Wamarekani walikesha kumtazama Charles Van Doren, mwalimu kijana wa Columbia University, akijibu maswali katika kipindi cha Twenty-One. Alikuwa ndani ya kibanda cha kioo, akifikiri na kufuta jasho, na hatimaye akitoa jibu. Alishinda dola 129,000, akawa mfano wa kijana msomi. Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa majibu kabla ya kipindi, na kwamba hata kule kusita kulipangwa. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kukataza udanganyifu wa aina hiyo.

Waliokasirika hawakuwa wamepoteza pesa. Wao walikuwa nyumbani wakicheza naye. Kilichowauma ni kwamba walimwamini mtu kuwa anajua, kumbe ameonyeshwa. Nasi tukiangalia vizuri tutaona kuwa "nilijua" ya uongo ni kisa kile kile kilichogeuzwa. Van Doren alipewa jibu kabla ya swali akajifanya amelitoa kichwani. Sisi tunapewa jibu baada ya swali na tunajifanya vivyo hivyo. Tofauti iko kwenye ukubwa wa zawadi: yeye alipata dola na umaarufu, sisi tunapata macho ya wadogo zetu yakitutazama kwa sekunde mbili.

Macho hayo si kitu kidogo. Mdogo wako anayeamini kuwa unajua kila kitu atakuja kukuuliza jambo siku moja, na hatakwenda kumuuliza mwingine.

YANAYOTUNGOJA MTAANI

Hapa ndipo ninapoona uzito halisi wa suala hili kwetu sisi wanafunzi Waislamu. Ukiingia chuo kikuu, mtaani unageuka kuwa mtu wa kujibu. Katika mtaa kama Buyenzi, ambako Kiswahili na Uislamu vimeishi pamoja kwa vizazi, mwanafunzi mmoja katika kiwanja anakuwa msomaji wa barua za ofisini, mfasiri wa karatasi za hospitali na mshauri wa mikataba ya kupanga nyumba. Hawaulizi unasoma nini. Wanajua unasoma.

Chukua mfano wa mama jirani anayemjia mwanafunzi wa uchumi akiwa na boksi la dawa ya shinikizo la damu. Karatasi ya ndani ni ya Kifaransa, herufi ndogo kama chungu. Ramadhani inakaribia, naye anauliza, "Mwanangu, hii naweza kuiacha mchana nikainywa usiku tu? Na nisipofunga, nitalipa vipi?" Hayo ni maswali mawili. La kwanza ni la daktari, la pili ni la sheikh. Mwanafunzi wa uchumi hana hata moja, ila ana Kifaransa, ana haya ya kuonekana hajui, na ana miaka kumi ya mazoezi ya kusema "nilijua".

Jibu la haki ni jepesi kulitamka: "Mama, hili silijui. Twende pale duka la dawa tumuulize mwenye kujua, na jioni baada ya Magharibi nitakupeleka kwa sheikh." Lakini ulimi ambao haujawahi kusema "silijui" juu ya mto wa Ufaransa hauwezi kulisema ghafla juu ya dawa ya mama wa watu.

Abu Daud amepokea kisa ambacho kila mwenye kupenda kujibu haraka anapaswa kukikumbuka. Mtu mmoja alijeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu kwa ukali mno, akasema wao ndio waliomuua, na kwamba ilipokuwa hawajui walipaswa kuuliza, kwa kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wenzake wa safari, waliomtakia heri, na walitoa jibu waliloliona sawa.

HESHIMA YA "SIJUI"

Wema waliotutangulia waliliheshimu neno "sijui". Imepokewa kuhusu Imam Malik, kwa njia na idadi zinazotofautiana, kwamba alijiwa na maswali makumi kwa makumi kutoka kwa watu waliosafiri mbali kumfuata Madina, na mengi katika hayo aliyajibu kwa "la adri", sijui. Na katika hadithi mashuhuri ya Jibril, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipoulizwa kuhusu Kiyama alijibu kuwa anayeulizwa hana ujuzi zaidi kuliko anayeuliza. Malaika nao, kama ilivyo katika Surat Al-Baqara kuanzia aya ya 31, walipotakiwa kuvitaja vitu kwa majina yake walikiri kwamba hawana elimu ila ile waliyofunzwa na Mola wao. Kisha Adam (a.s.) akayataja majina. Hakuna malaika aliyedai baadaye kuwa naye alikuwa akiyajua.

Lakini tusiliegemee "sijui" upande mmoja tu. Kisa cha Ibn Umar kinatuzuia. Kuna "sijui" ya uvivu, na kuna kunyamaza kwa woga ambako tunakuita adabu. Katika nyumba zetu mara nyingi anayenyamaza ni mdogo, au binti, au mgeni asiye na Kifaransa kizuri, si kwa sababu hana jibu. Amejifunza kwamba akikosea atachekwa, na akipatia mkubwa atasema "hata mimi nilijua". Anaona hakuna faida ya kutangulia. Hivyo "nilijua" zetu za kelele zinamnyima haki aliyejua kweli, kwa sababu zinaifanya elimu yake isitofautiane na kelele.

Kwa hiyo naamini kanuni ya haki ni hii: sema kabla, au nyamaza baada. Ukiwa na jibu, litoe kabla mshiriki hajajibu, hata kama huna uhakika, na ukikosea kubali kucheka na wenzako. Jibu la makosa lililotangulia lina ukweli ndani yake, maana limeonyesha hasa kilichokuwa moyoni mwako. Jibu sahihi lililofuata halijaonyesha kitu. Na kama hukusema, basi jibu likitajwa lipokee kama mwanafunzi: "Kumbe! Leo nimejifunza." Neno "kumbe" ni zuri sana kwa kazi hii. Kwa neno hilo moja mtu anakiri kuwa hakujua na anafurahi kuwa sasa anajua, na hakuna anayemdharau kwa kulisema.

Wenye familia kubwa wanaweza kutumia karatasi. Kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kutajwa, na mtoto mdogo awe wa kwanza kusoma alichoandika, ili asiwaogope wakubwa. Utashangaa jinsi sebule inavyotulia, na jinsi unavyogundua kwamba yule uliyedhani hajui kitu ana mengi, na kwamba wewe mwenyewe una machache kuliko ulivyokuwa ukiamini. Na kati ya kipindi na kipindi, mwulizeni bibi maswali yake.

SWALI LISILO NA MARUDIO

Nimalizie kwa mtihani ambao sisi sote tutakuwa washiriki wake. Katika hadithi sahihi kuhusu kaburi, aliyopokea Bukhari na wengineo, malaika watamuuliza maiti kuhusu Mtume (s.a.w.). Muumini atashuhudia kwa uhakika. Mnafiki atasema hajui, kwamba alikuwa akiwasikia watu wakisema jambo, naye akalisema.

Tafakari jibu hilo, ndugu yangu. Jibu sahihi lilikuwa limempitia masikioni maisha yake yote. Alilisikia likitajwa, akalirudia pamoja na wenzake, na duniani hakuna aliyeweza kumtofautisha na aliyejua. Wakati wa kuulizwa peke yake ndipo ilipodhihirika kuwa hakuwa nalo. Sisemi kwamba anayesema "nilijua" mbele ya televisheni ni mnafiki, Allah atuepushe kuwahukumu watu. Nasema tu kwamba kurudia kilichosikika si kujua, na kwamba mtu anaweza kuishi muda mrefu sana bila kuiona tofauti hiyo ikiwa hajizoezi kuiangalia katika mambo madogo.

Tumuombe Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atupe ujasiri wa kuisema inapohitajika, na atupe unyenyekevu wa kusema "sijui" pale tusipokuwa nayo. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.